Kwa nini mita ya LUKU haihitaji mtandao?
Uko Kibaha, umenunua umeme kwa simu. Namba 20 za tokeni zimeingia, ghafla mtandao unakata. Usihofu, ziingize tu, umeme utawaka.

Mita ya kawaida ya LUKU haijaunganishwa na kompyuta za TANESCO. Mfumo mkuu hutengeneza tokeni kwa ufunguo wa siri wa mita yako. Mita huihakiki yenyewe, na ukiirudia inaikataa. Ndiyo maana tokeni ya ndugu yako wa Kisarawe haiingii kwako.

Shida iko kwenye mauzo: yanategemea mfumo mkuu. Ulipopata hitilafu Mei 2021, wateja walikwama siku kadhaa. Mita zilikuwa nzima, tokeni hakuna.

Kwa hiyo usisubiri uniti ziishe ndipo ununue.