Ireland: Moto uliokula majina ya mababu

Mjukuu wa wahamiaji anayetafuta mababu zake Ireland mara nyingi hukwama kwenye tarehe moja: 30 Juni 1922. Siku hiyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, nyumba ya nyaraka za serikali mjini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote.

Uskoti ni tofauti. Tangu 1855, kifo huandikwa kisheria pamoja na majina ya wazazi wa marehemu. Karatasi moja hufungua njia ya kizazi cha nyuma.

Kwa Ireland, watafiti wa koo hurudi parokiani, kwenye vitabu vya ubatizo. Kwa familia iliyokimbia njaa iliyoanza 1845, mstari mmoja ulioandikwa na padri unaweza kuwa ndio alama pekee ya babu yao.