Kila Ploti Iko na Iago Wake

Ticha wa litracha alitukanyaga. Miaka yote tunaandika "Iago ni mnafiki, alama mbili," na hakuna siku alitushow ukweli: Othello ni udaku wa ploti. Shakespeare aliitoa, ikachezwa mbele ya King James 1604, lakini ukiisoma vizuri unaskia mfereji ukimwaga na wasee wakibonga.

Cheki. Iago amengoja promo. Sonko wake, Othello, anapea Cassio, kijana wa vitabu, ati hajawahi ona vita. (Iago ndio anasema, so weka chumvi.) Hiyo machungu tu ndio petroli. Unadhani stori kubwa inataka vita? Waturuki walikuwa njiani Cyprus na meli zao. Storm ikawamaliza. Adui ameishia, watu wako party, na hapo ndio ngori inaanza.

Kabla ya hapo, mzae wa Desdemona, bibi ya Othello, ameshaamshwa usiku na kelele, anaapa binti yake amerogwa. Zii, mzae. Othello alimkatia na stori tu, na ni wewe ulikuwa unamkaribisha kejani akizipiga.

Sasa venye Iago anachapa kazi ni noma. Yeye hucheki tu kila msee ako na shimo wapi, anamsukuma hapo. Roderigo amedatia Desdemona, bibi ya wenyewe. Iago anamwambia lete ganji, lete vito, nitamfikishia. Havifiki. Fala anaahidi kuuza hadi shamba. Kula fare haikuanza na wewe kuachwa steji, bro. Cassio naye hawezani na keroro, anakubali mwenyewe glasi moja tayari imemchapa. Anaongezewa. Roderigo huyo huyo anatumwa kumchokoza, fujo, wera imeenda. Desdemona ako na roho safi, anamwombea Cassio msamaha kila saa, na kila saa bwanake anaona mpango wa kando.

Halafu hanki. Kahanki kamoja, kamechorwa strawberry, Othello alitoa kwa mathake akapea mresh. Siku moja anasema kichwa inamgonga. Desdemona anataka kumfunga nayo. Anaisukuma, ati ni ndogo. Inaanguka. Umeskia? Ni Othello mwenyewe aliiangusha! Emilia, bibi ya Iago, anaokota, anapelekea bwanake. Iago anaiacha kwa room ya Cassio. Cassio anabambika na hiyo kazi ya sindano, anapea Bianca amtolee kopi. Othello anamuuliza Desdemona iko wapi, manzi kwa uoga anasema haijapotea. Aah, madam! Baadaye Othello anaiona kwa mkono ya Bianca, na kwisha. Jenerali mzima amemalizwa na kitambaa ya kufuta kamasi. Hakuna hanki imewahi kuwa bei hiyo.

Desdemona anazibwa pumzi kitandani. Emilia ndio anamwaga mtama wote, Iago anamdunga. Othello anajimaliza. Iago? Ako hai. Msee mwenye ako na mistari mingi kuliko Othello anaulizwa ni kwa nini, anasema haongei tena.

Haya, endelea kuforwadia grupu ya ploti skrinshoti za udaku.