Kushuka Kasenyi kwa Gia

Atokaye Bunia kwenda Kasenyi hupita kwanza katika nchi ya vilima vya majani hata afike Bogoro, yapata kilomita 25. Mbele ya hapo ardhi yakatika ghafula, na chini kabisa laonekana Ziwa Albert. Bunia imekaa mita 1,275 hivi juu ya bahari, na ziwa mita 620 hivi. Basi gari lenye kwenda ziwani hushuka zaidi ya mita 600, nalo limejaa watu na mizigo. Kupanda mlima ule kwataka nguvu. Kuushuka kwataka akili.

Siku moja ya mvua tulishuka huko katika pikapu yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Sisi tulikaa mbele, kati ya dereva kijana na mzee mmoja aliyepata kuendesha malori siku za ujana wake. Nyuma walikuwamo wanafunzi, juu ya magunia ya muhogo. Tulipoanza kushuka, kijana alitoa gia akaliacha gari litelemke lenyewe, akisema anabakiza mafuta ya bwana wake. Akawa anakanyaga breki tu. Punde tukasikia harufu ya kuungua. Alipokanyaga tena, pedali ilizama hata chini na gari halikupunguza mwendo.

Mzee hakupiga kelele. Alisema, “Mwanangu, usizime injini. Kanyaga mafuta kidogo, kisha ingiza ya tatu.” Kijana akatii. Injini ikanguruma, gari likashikwa. “Sasa ya pili. Vuta breki ya mkono taratibu, uegemee upande wa mlima.” Tukaukwaruza ukingo wa udongo, tukasimama. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Wengine wote walitoka wazima. Upande wa pili wa njia palikuwa na bonde tu.

Wasomaji wapenzi, tumeisimulia habari hii kwa sababu madereva wengi wa kwetu hudhani ya kuwa gia, au vitesi kama waitavyo wenyewe, ni za kupandia tu. Sivyo. Gari likiwa katika gia ndogo, magurudumu hayawezi kukimbia bila kuizungusha injini, na injini hukataa kuzungushwa upesi. Hivyo injini yenyewe yawa breki isiyochoka. Breki za magurudumu, kinyume chake, hufanya kazi kwa kusuguana. Zikisuguana muda mrefu huwaka moto, mafuta yake huchemka yakatoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea; ndiyo maana pedali ikazama.

Na yale mafuta aliyotaka kuyabakiza? Hakubakiza kitu. Mguu ukitoka katika pedali ya mafuta wakati wa kushuka na gia, injini ya dizeli hupata mafuta machache mno au hayapati kabisa, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Gia ikitolewa, injini yataka mafuta yake yenyewe ili isizimike. Kweli, rahisi huwa ghali.

Kanuni ni nyepesi: shuka kwa gia ile ambayo ungepandia mlima uo huo, au iliyo chini yake. Nayo iingizwe juu, kabla ya mteremko kuanza.

Magari ya namna hii yana pia mkono wa pili wa gia, ulio mfupi. Katika pikapu nyingi za Land Cruiser zitumikazo huku, mkono huo una alama H2, H4 na L4. H2 huendesha magurudumu ya nyuma peke yake. Ndiyo ya njia kavu na ngumu. H4 huyaendesha yote manne kwa mwendo wa kawaida. Ndiyo ya utelezi na mchanga. L4 hupunguza mwendo na kuongeza nguvu za magurudumu, kadiri ya mara mbili na nusu. Ndiyo ya tope zito, miamba na miteremko mikali. Kabla ya kuingiza L4, gari lisimame kwanza. Na kama magurudumu ya mbele yana vifungo vya kuzungushwa kwa mkono, dereva ashuke avifunge kabla ya kufika topeni, wala asingoje mpaka amezama.

Lakini H4 isitumike katika lami kavu. Gari likipinda, magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma, hali yamefungamanishwa pamoja. Topeni huteleza kidogo yakapatana. Juu ya lami hayatelezi, na vyuma vya ndani hukazana hata kuvunjika.

Na injini ikizimika katikati ya kupanda, usigeuze gari ubavu, maana litapinduka. Kanyaga breki, ingiza gia ya kurudi nyuma katika L4, washa, urudi chini moja kwa moja, polepole.

Mtu asiseme mambo haya ni ya fundi tu, hayaihusu dini. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lenye kuwatunza wasafiri lilitoa amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ile ya Sinai: Usiue. Abebaye watoto wa wenzake nyuma ya gari amekabidhiwa amana. Asipojifunza chombo chake kwa uvivu, au akikataa kuonywa kwa kiburi, hawezi kusema baadaye kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nanyi abiria, msiogope kusema. Mzee yule angalinyamaza kwa haya, tungalizikwa sote.

Kijana yule angali dereva. Kila afikapo ukingoni pa mlima husimama, hufanya ishara ya msalaba, kisha huingiza gia ya pili. Yote mawili yafaa, na moja lisiachwe kwa sababu ya jingine.