Mashine ya Theluji: Kagua Mkanda Kabla ya Injini

Mjini Minneapolis au Winnipeg theluji ni kazi ya manispaa. Lori la kuisukuma hupita alfajiri na watu wanawahi kazini. Lakini Mswahili wa huko akinunua nyumba kando ya ziwa, au shamba lililo mwisho wa njia isiyoingiwa na lori, theluji inakuwa kazi yake mwenyewe kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi. Hapo ndipo anapoanza kutazama matangazo ya mashine zinazotembea kwa mkanda badala ya magurudumu. Bei zake zinaanzia dola 1,500 na kupita dola 200,000, na kila muuzaji anaahidi kwamba utafika.

Tuchukue njia ya kilomita 2 isiyosafishwa, familia ya watu watano, chakula cha wiki, mtungi wa gesi na kuni. Kuna pikipiki ya theluji, yenye ski mbili mbele na mkanda mmoja nyuma. Kuna seti ya mikanda minne inayofungwa kwenye pikipiki ya magurudumu manne baada ya kuvua matairi. Kuna gari la theluji lenye bodi iliyofungwa, hita na viti. Na kuna njia ambayo muuzaji wa mashine hatakutajia: kumlipa mtu mwenye lori la kusukuma theluji aje kila inapoanguka.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu ya injini. Mimi nasema swali la kwanza liwe hali ya mkanda, na la pili spea zinatoka wapi. Injini iliyochoka ina mafundi wengi. Mkanda ukikatika katikati ya msitu, baridi ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, hakuna waya wala kamba itakayouokoa, na mashine yenye uzito wa kilo 300 haisukumwi kwa mikono.

Mwanzilishi mkuu wa mashine hizi aliliona hilo mapema. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi wa Valcourt, jimbo la Québec, Kanada. Majira ya baridi ya 1934 mtoto wake mdogo aliugua akafariki, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Hati miliki aliyopata mwaka 1937 ilihusu jinsi sproketi inavyozungusha mkanda, na injini haikuwa sehemu yake. Magari yake ya B7 na B12, ya abiria saba na kumi na wawili, yalibeba madaktari, barua na watoto wa shule vijijini. Mwaka 1959 ikatoka Ski-Doo, mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili, na wazo likabaki lilelile: mpira mpana unatandaza uzito, theluji inabeba kile ambacho tairi lingekizamisha.

Pikipiki mpya ya kazi, yenye mkanda mpana wa sentimita 50 au 60 na ndoano ya kuvuta sleji ya mizigo, inauzwa takriban dola 12,000 hadi 18,000. Ya starehe au ya mbio inaweza kugharimu kiasi hicho hicho na isikufae kabisa: mkanda wake ni wa sentimita 38, umetengenezwa kwa njia zilizoshindiliwa, na ukiuingiza kwenye theluji laini ukiwa na mizigo nyuma unachimba shimo. Upana na urefu wa mkanda vimeandikwa kwenye karatasi ya kila modeli. Visome kabla ya kuangalia rangi.

Jambo jingine ni namna injini inavyopozwa, na hapa watu hupoteza pesa nyingi kwa kutokujua. Injini nyingi za kisasa hupozwa kwa maji yanayopita kwenye mabomba chini ya kiti, na mabomba hayo hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Ukiendesha juu ya barafu tupu ya ziwa au barabara iliyoganda, hakuna theluji ya kurushwa, na joto linapanda. Reli za plastiki ambazo mkanda unateleza juu yake nazo hulainishwa na theluji hiyo hiyo, ikikosekana zinayeyuka. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za juu ya ziwa afikirie injini inayopozwa kwa feni. Ina nguvu kidogo, ina kelele, lakini ni rahisi kutengeneza na bei yake ya mtumba ni nzuri. Reli zitamsumbua bado, kwa hiyo afunge vijiti vya chuma vinavyokwaruza barafu na kurushia mkanda unga wake. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa spea za bei kubwa.

Kati ya injini ya mipigo miwili na ya mipigo minne, ya kwanza ni nyepesi na haikwami kwa urahisi, lakini inakunywa oili ambayo lazima uinunue msimu mzima. Ya pili inatumia mafuta kidogo na hudumu zaidi, ila uzito wake unaujua siku unapolazimika kuinasua. Kwa njia fupi yenye mizigo, ya mipigo minne ni bora. Kwa anayetembea peke yake kwenye theluji ya kina, ya mipigo miwili.

Sasa mtumba, ambako wengi wetu tutanunua. Mashine nzuri ya kazi inapatikana kwa dola 4,000 hadi 7,000. Mwambie muuzaji anyanyue sehemu ya nyuma, kisha uzungushe mkanda kwa mkono polepole, mzunguko mzima. Tafuta meno ya mpira yaliyong'oka, vibanio vya chuma vilivyopotea kwenye matundu ya sproketi, na nyufa pale vijiti vya ndani vinapopita. Vibanio viwili vikikosekana, ni jambo la kujadili bei. Ukiona nyuzi za kitambaa zinachungulia kwenye kingo, hesabu mkanda mpya, ambao ni dola 600 hadi 1,200 kabla ya ufundi. Tikisa magurudumu madogo ya ndani usikilize beringi. Fungua boksi la cheni uone oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mwisho pima mgandamizo wa injini.

Matengenezo ya kila mwaka ni madogo ukijifunza kuyafanya mwenyewe. Beliti inayounganisha klachi mbili ni dola 100 hadi 250, na ya akiba ikae ndani ya mashine daima. Reli za plastiki, vyuma vya chini ya ski, oili ya boksi la cheni, grisi na plagi ni vitu vya jioni moja gereji. Ukimpelekea fundi, gharama ya mikono yake Amerika ya Kaskazini mara nyingi inapita dola 100 kwa saa, na kazi ya dola 60 inageuka ya dola 300.

Kuhusu spea kuna habari ambazo mnunuzi wa mtumba lazima azijue. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha biashara ya pikipiki za theluji, na modeli za 2025 zikawa za mwisho Amerika ya Kaskazini. Injini zake zina sifa ya kudumu, kwa hiyo usizikimbie. Dai punguzo, na uulize duka la karibu lina akiba gani ya spea. Arctic Cat ya Thief River Falls, Minnesota, nayo imebadili mikono mara mbili tangu 2017. Polaris, iliyoanzia Roseau, Minnesota, na Ski-Doo ndizo zenye mawakala wengi zaidi huko. Lynx, ndugu wa Ski-Doo anayetengenezwa Rovaniemi, Finland, ndiye utakayekutana naye sana Lapland. Anayeishi nusu saa kutoka duka la spea yuko salama kuliko mwenye mashine bora ambayo spea yake inasafiri wiki tatu.

Seti ya mikanda minne ya kufunga kwenye pikipiki ya magurudumu manne ni takriban dola 4,000 hadi 6,000. Inamfaa anayemiliki pikipiki hiyo tayari na kuitumia shambani kiangazi. Inakwenda polepole, inazielemea ekseli na usukani, na njia nyingi za pikipiki za theluji haziiruhusu. Anayeanza bila pikipiki asiende upande huu.

Gari la theluji ndilo linalovuta moyo, na mimi pia linanivuta. Watoto wanakaa ndani penye joto, mizigo haichezi, na dirisha lina kifuta theluji. Jipya ni bei ya nyumba. La zamani linapatikana kwa dola 15,000 hadi 40,000 likiwa zima, na chini ya 5,000 likiwa limelala nyasini. Majina utakayokutana nayo ni Tucker Sno-Cat ya Medford, Oregon. Thiokol ya Logan, Utah. Na Bv 206 ya Hägglunds, lililotengenezwa Sweden kwa ajili ya jeshi, lenye vyumba viwili vinavyofuatana na nafasi ya watu 17.

Tofauti yao kubwa iko kwenye kukata kona. Tucker ana mikanda minne inayogeuka na ekseli, kwa hiyo mikanda yote inaendelea kusukuma ndani ya kona. Magari ya aina hiyo ndiyo mpelelezi Mwingereza Vivian Fuchs aliyoyatumia kuvuka bara la Antaktika kwa siku 99, safari iliyoisha Machi 1958, na moja lilining'inia juu ya ufa wa barafu likaokolewa likaendelea. Thiokol ana mikanda miwili, na hukata kona kwa kufunga breki ya upande mmoja ndani ya difu. Breki hizo huoga kwenye oili, zinahitaji kurekebishwa, na mmiliki aliyezipuuza huacha bili kubwa kwa anayefuata. Bv 206 anajikunja katikati kwa haidroliki. Ni hodari kuliko wote, hata majini anaelea, lakini ana mihimili na viungo vingi, na kila kimoja kina beringi na sili.

Habari njema ni kwamba injini na giaboksi za magari haya ya zamani mara nyingi zilitoka kwenye malori ya kawaida, na duka lolote la spea litakusaidia. Habari ngumu iko chini. Mikanda, vyuma vinavyoikingama na sproketi havipo dukani. Kiwanda cha Logan, kilichorithi kazi ya Thiokol, kilifungwa mwaka 2000, kwa hiyo vitu hivyo vinatoka kwa mafundi wachache wanaokata mpira na kuchomelea vyuma upya, kwa maelfu ya dola. Tucker bado wapo Medford na wanauza spea, na kwa sababu hiyo peke yake ningelipa zaidi kwa Tucker kuliko Thiokol anayefanana naye kwa hali. Ongeza trela la ekseli mbili, lori la kulivuta, na banda la kulilaza, maana mara nyingi linazidi tani mbili.

Tuhesabu misimu mitano kwa makadirio. Lori la kusafisha njia, tuseme dola 100 kwa safari, mara 18 kwa msimu, ni 9,000. Pikipiki ya mtumba ya 5,000, mkanda mpya 900, sleji ya mizigo 600 na matengenezo 400 kwa mwaka ni 8,500; ukiiuza 2,500, umetumia 6,000. Mpya ya 14,000, sleji hiyo hiyo na matengenezo ya 300 kwa mwaka ni 16,100. Ukiiuza 6,500, umetumia 9,600. Gari la theluji la zamani halishuki sana bei likitunzwa, lakini linaweza kula mikanda na beringi za 6,000 hadi 10,000, pamoja na Jumamosi zako.

Kwa hiyo, kama njia yako inasafishika na gari la kawaida linapita, mlipe mwenye lori. Watu watano kwa pikipiki moja ni safari kadhaa, na mtoto mchanga hapaswi kuburutwa kwenye sleji katika baridi ile. Kama njia haisafishiki, nunua pikipiki ya kazi ya mtumba. Gari la theluji linaleta maana pale majirani wawili au watatu wanapolichangia na mmoja wao ni fundi.

Kuichukulia mashine kama gharama ya mara moja kumewaumiza watu wengi. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto alieleza katika kitabu chake cha 1973 yaliyowapata Wasami wa Skolt wa Sevettijärvi, kaskazini ya Finland, pikipiki za theluji zilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zamani walivutwa na reindia, kulungu wao wa kufugwa, ambao chakula chao kiliota porini. Baadaye walihitaji fedha taslimu za petroli na spea, na wenye mifugo michache wakaachwa nyuma.

Sheria zinatofautiana. Minnesota inamtaka mkazi aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 awe na cheti cha mafunzo. Québec inadai bima. Norway imezuia kwa kiasi kikubwa uendeshaji wa starehe nje ya njia zilizoidhinishwa. Na barafu ya ziwa ina sheria yake: pikipiki inahitaji walau sentimita 15 hadi 18 za barafu mpya iliyo safi, na gari la tani mbili au tatu linahitaji zaidi ya 30. Toboa upime, hata kama jirani amepita jana.

Pikipiki za theluji za umeme zimeanza kuonekana. Ski-Doo ya umeme ilitangazwa kwa umbali wa hadi kilomita 50, kiasi kinachozitosha kampuni za watalii. Kwa nyumba isiyo na umeme wa kuichaji, bado.

Nunua Machi au Aprili. Novemba kila mtu ana haraka na bei inapanda. Mwisho wa msimu muuzaji anataka nafasi ya gereji yake, na theluji ya kujaribia ingali chini. Fungeni mzigo, mwende nusu saa, kisha zima injini uguse kila beringi kwa nyuma ya kiganja. Ile inayounguza ndiyo utakayoibadilisha kwanza, kwa hiyo itoe kwenye bei kabla hujalipa.