Mwalimu wa Mutisya

Tezo haina tabia ya shoka. Shoka huenda mbele na kumwacha mwenyewe nyuma, tezo humrudia. Makali yake yamekaa kukingama na mpini, mfano wa kijembe, kwa hiyo kila pigo huelekea kifuani, mapajani, vidoleni mwa yule yule anayelishusha. Mchongaji wa Wamunyu huketi juu ya kigogo kifupi, akaushika mti kwa mkono wa kushoto, akaukingia unyayo, kisha ko, ko, ko, vibanzi vikaruka. Hatazami mkono. Hutazama mahali shingo ya twiga itakapokuwa, ambapo kwa sasa hapana kitu ila gome.

Chombo chenyewe mara nyingi ni chuma kilichokwisha fanya kazi nyingine: springi ya gari, au tupa iliyokwisha meno, ikatiwa motoni ikafuliwa upya. Mpini mchongaji hujichongea kwa kipimo cha mkono wake, ndiyo maana tezo ya kuazima haitii. Ile kubwa hutoa umbo, ile ndogo hutafuta masikio na pembe. Hufuata patasi, kisu na tupa, na mwishoni msasa, ambao katika nyumba nyingi za Ukambani ni kazi ya mke na watoto. Vumbi lake huingia kwenye nywele, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye chai. Mtoto wa mchongaji huujua mti kwa harufu kabla hajalijua jina lake.

Na akiulizwa ameanzaje, mchongaji hujibu kwa ukoo. Baba alichonga, babu alichonga. Ukizidi kumrudisha nyuma, safari huishia kwa mtu mmoja na vita moja.

Mtu huyo ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos. Wakamba walichonga tangu zamani, tena kwa ustadi: vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya mwembamba uliozamishwa katika mti, miiko, vibweta vya ugoro. Vilikuwa vyombo vya nyumbani. Sanamu ya kuuza, ile inayopangwa leo kando ya barabara na kwenye maduka ya hoteli, ilikuja na Mutisya. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Tanganyika pamoja na jeshi la Waingereza. Huko akaona watu wakichonga mpingo, akakaa nao akajifunza, akarudi kwao na ujuzi huo. Akawafundisha wanawe, jamaa na majirani. Alifariki mwaka 1927, na kufikia hapo kazi ilikwisha shika mizizi. Vita ya pili ilipojaza askari wa kigeni Nairobi, wanunuzi waliongezeka na biashara ikapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachongaji nchini Kenya walikadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, wengi wao Wakamba.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na kila inaposimuliwa kuna mahali inapita mbio. Alijifunza kwa Wazaramo, huandikwa, au kwa Wamakonde, kisha msimulizi huyo ameshavuka mpaka na kurudi Wamunyu. Wazaramo gani? Mtu hafundishwi tezo na kabila. Hufundishwa na mtu mmoja aliyekaa karibu naye, akamshika kifundo cha mkono, akamwambia usipige hapo, nyuzi za mti zinakwenda huku. Mtu huyo alikuwa na jina, na mama yake alilijua.

Ni rahisi kusahau hali ambamo wawili hao walikutana. Katika vita ile Waingereza waliwachukua Waafrika wapatao milioni moja kuwabebea mizigo, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba karibu 100,000 hawakurudi. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Ukambani ilitoa vijana wengi mno. Kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina lake likikaa mdomoni mwa watu wasiolifikiria tena: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Katika soko hilo la Kariokor leo vinauzwa vyondo, viatu vya ngozi na vinyago. Mnunuzi hushika kifaru wa mti mahali penye jina la wapagazi, akapatana bei, akaenda zake.

Kwa upande wa Wazaramo, ikiwa ni wao, mambo hayakuwa mepesi pia. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na nchi iliyoizunguka ilikwisha kamuliwa chakula na watu na majeshi ya pande zote mbili. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, kisanamu cha mpingo chenye umbo la mwanamwali, kilichowasindikiza wasichana wakiwa ndani. Mti mgumu waliujua na adabu yake waliijua. Katikati ya dhiki hiyo mmoja wao alipata nafasi ya kumwonyesha mgeni kutoka Ukambani jinsi ya kuushika.

Kwa nini alimwonyesha? Ujuzi ni mali, na fundi hautoi ovyo. Mutisya mwenyewe, inavyosimuliwa, alianzia kuugawa ndani ya nyumba yake. Yule Mzaramo alilipwa, au walibadilishana kitu, tumbaku labda, au posho ya unga? Au ni usiku tu ulikuwa mrefu na mikono haikuwa na kazi?

Mchongaji wa leo hana haja kubwa na maswali hayo. Lake ni mti. Mpingo, atakuambia, ni wa wazee: kiini cheusi kilichozungukwa na ganda jeupe, kizito hata kikitupwa majini huzama, na mti wenyewe huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kukatwa. Uliadimika Ukambani zamani. Wakahamia kwenye muhugu, mgumu, wenye harufu nzuri, nao ukakatwa mpaka ukawa shida kuonekana katika misitu kama Arabuko-Sokoke. Ndipo ukaja mwarobaini, mti wa dawa uliojaa kila ua la pwani, unaokua upesi na ambao wadudu huukwepa kwa uchungu wake. Watu wa hifadhi waliufanyia kampeni pamoja na mwembe na mjakaranda, na wachongaji wengi wa Changamwe, Mombasa, waliukubali.

Waliukubali kwa masharti, kwa kuwa mti mbichi hukatika kama muhogo lakini hauusahau ubichi wake. Kinyago kikiuzwa kabla hakijakauka vizuri, hupasuka kikifika katika nyumba za Ulaya zenye joto la mashine. Dawa ni subira: kukifukia katika vibanzi na maranda kitoe maji polepole, kukitazama, kukigeuza. Subira hiyo hailipwi. Dalali anataka twiga 200 kufikia Ijumaa na bei ameshaisema. Mti mweupe unapakwa kiwi ya viatu uwe mweusi, na mtalii anaondoka akiamini amebeba mpingo. Mchongaji hajivunii jambo hilo, ila karo ya shule haingoji mpingo ukue.

Wengi wao huchonga mnyama mmoja maisha yote. Wa twiga ni wa twiga, wa kifaru ni wa kifaru. Mkono huzoea mpaka macho yakifumbwa pacha wa yule wa jana hutoka. Mgeni huona uchovu katika kurudiarudia huko, na pengine upo. Lakini mtazame anapofika shingoni, pembamba kama kidole, pigo moja la haraka likitosha kuharibu kazi ya siku nzima. Hapo hasemi. Hata pumzi huishika.

Kisha twiga anakabidhiwa wa msasa, anapakwa rangi, anafungwa katika gazeti. Chini ya kwato zake mara nyingi hapana jina la mtu.

Huenda huko Kisarawe, au mahali pengine palipokuwa njia ya majeshi, kuna ukoo unaosimulia habari hii kutoka upande wa pili: kwamba wakati wa vita ya Wajerumani babu alikuwa na mgeni, Mkamba mmoja aliyekuja na jeshi, kijana mwenye mkono mwepesi, ambaye kila jioni aliomba kushika tezo. Na kwamba hakurudi tena, wala jina lake hakuna anayelikumbuka.