Kifuniko Kidogo, Mteremko Mkali

Ndugu msikilizaji, mgeni wa Tunduma hupokewa na foleni ya malori, mengine yakipeleka shehena Zambia na Kongo, mengine yakirudi na shaba. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimeunganisha ukaguzi wa Tunduma na Nakonde, lakini magari bado husimama, na gari lililosimama halikosi wa kulizunguka.

Majuzi mwenzenu niliegesha kigari changu, nikaingia mahali kunywa chai. Niliporudi, magurudumu yote manne hayakuwa na vifuniko vya valvu, vile vijikofia tunavyofungua tukitaka kujaza upepo. Kabla sijafungua mlango, kijana akanijia na kiganja wazi: "Shikamoo mzee, vifuniko hivi hapa, nitakupunguzia." Nikavitazama. Kimoja kilikuwa na kovu la koleo langu mwenyewe!

Sikununua. Kununua kitu changu mara ya pili ni kumlipa mwizi mshahara. Na anayenunua cha mwenzake huku akijua kimeibwa, huyo ametenda kosa la jinai.

Wapo watakaosema, kijikofia tu, kwani upepo utatoka? Kweli, kinachozuia upepo ni ile pini yenye springi ndani ya valvu. Lakini kofia ndiyo inayoilinda pini hiyo na vumbi na matope. Punje ya mchanga ikiingia, ukijaza upepo unaisukuma ndani. Pini haifungi sawasawa, na upepo unavuja kidogo kidogo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja mno, hupata joto, hatimaye hupasuka. Nani anataka lipasuke kwenye mteremko wa Senjele au Iwambi? Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sasa, vipya vitapatikana wapi? Hapa pana habari njema. Valvu hii ilibuniwa New York na familia ya Schrader katika miaka ya 1890, na uzi wake wa skrubu ni wa kipimo kimoja duniani kote. Kwa hiyo kifuniko cha pikipiki hukaa kwenye gari dogo, na hata kwenye malori mengi. Ingia duka lolote la vipuri vya pikipiki. Zile baiskeli za zamani zenye valvu ya kimpira ndizo zenye vifuniko vyao.

Chagua vya plastiki. Havimtamanishi mwizi, wala havigandi. Kofia ya alumini juu ya valvu ya shaba nyeupe, unyevu ukiingia, madini hayo hulana na kofia hunasa. Ukiilazimisha kwa koleo unavunja valvu nzima.

Kabla ya kufunga kipya, futa valvu, kisha itie mate au maji ya sabuni. Ukiona povu linapanda, kofia haitakuponya. Fundi pancha abadilishe pini. Ukikwama njiani, azima kifuniko cha tairi la akiba, au funga kipande cha tyubu kuukuu juu ya valvu mpaka ufike dukani.

Na ukiletewa vifuniko kiganjani, ndugu msikilizaji, vitazame vizuri. Huenda vinakufahamu.