Deni limelipwa, hukumu bado inadai

Aliyemaliza mkopo wa kausha damu, kisha akagongewa mlango na dalali wa mahakama anayeulizia friji na pikipiki, hukimbilia kusema kwamba risiti anazo. Mara nyingi ni kweli anazo. Ila mahakama inayokazia hukumu haianzi kwa kuuliza kama fedha zilitoka; inauliza zilitoka lini, na kama jalada lina habari hizo. Hapo ndipo naona sheria yetu inamwonea mlipaji, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa imo ndani ya sheria hiyohiyo.

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, katika Amri ya 21 kanuni ya 2, inamtaka aliyeshinda kesi athibitishe mahakamani fedha alizolipwa nje ya mahakama baada ya hukumu. Mdaiwa naye anaweza kuiarifu mahakama, ikamwita mwenzake aeleze kwa nini malipo yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Kisha kanuni inang'ata: malipo yasiyothibitishwa wala kuandikwa hayatambuliwi na mahakama inayokazia hukumu. Tazama mzigo ulivyogawanywa. Wajibu umewekwa kwa aliyelipwa, maumivu yakaachiwa aliyelipa. Mkopeshaji akikaa kimya hapungukiwi na kitu. Kwa kawaida ana miaka 12 ya kuomba utekelezaji, na katika muda huo karani anahama, daftari linapotea, simu iliyotunza ujumbe wa muamala inaibwa kwenye daladala.

Aliyelipa kabla ya hukumu yuko kwenye shida nyingine, na watu wengi huzichanganya hizi mbili. Kumwonyesha dalali risiti ya zamani hakumsaidii, kwa sababu mahakama inayokazia hairudi nyuma kuchunguza kama hukumu yenyewe ilikuwa sahihi. Ikiwa kesi ilisikilizwa upande mmoja kwa kuwa wito haukumfikia, aombe mahakama iliyotoa hukumu iitengue, na siku zake ni 30. Zikimpita, aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu za kutosha. (Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake, kwa hiyo aulize palepale masijala.) Aliyelipa baada ya hukumu naye asikimbilie kufungua kesi mpya: kifungu cha 38 kinataka mabishano kuhusu kutimizwa kwa hukumu yaamuliwe na mahakama inayoikazia.

Wanaotetea kanuni ya 2 husema risiti hughushiwa, na bila ukali huo kila mdaiwa angezuia utekelezaji kwa kikaratasi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Leo fedha nyingi hupita benki au kwenye simu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu hizo zipokelewe kama ushahidi. Hata hivyo nakiri kwamba ujumbe wa M-Pesa peke yake una udhaifu: unaonyesha kiasi kilichokwenda kwenye namba fulani, hauonyeshi deni gani limelipwa. Fedha zikiwa zimetumwa kwa namba binafsi ya afisa mikopo, kampuni itasema haikuona hata senti. Ndiyo maana mlipaji adai barua yenye namba ya kesi, kiasi na saini, kisha aifikishe mahakamani mwenyewe bila kumsubiri aliyelipwa.

Wengine watauliza kesi itaisha lini ikiwa kila hukumu inaweza kufukuliwa. Lakini kuandika kwamba hukumu imetimizwa si kuifukua, ni kuifunga. Wala hatuhitaji sheria mpya kubwa. Maombi ya maandishi ya kukazia hukumu chini ya Amri ya 21 tayari yanamtaka mwombaji aeleze kama kuna malipo yoyote yaliyofanyika tangu hukumu itolewe, na athibitishe kwa saini yake kwamba maelezo hayo ni ya kweli. Basi mahakama imtake aambatanishe taarifa ya akaunti ya mkopo hadi siku ya maombi, kabla dalali hajapewa hati. Na atakayeandika "hakuna" ilhali ameshalipwa, abebe yeye gharama za dalali na fidia ya mali iliyokamatwa.